Majibu Yalipatikana Ganjoni, Majengo Hayajafika

Mwaka 1999 jarida moja la kitabibu la Marekani lilichapisha utafiti uliofanywa hapa kisiwani Mombasa, kwenye kliniki ya Ganjoni. Wanawake 657 wanaofanya biashara ya ngono, wote wakiwa hawana virusi vya Ukimwi walipoanza kufuatiliwa, walipimwa ili ijulikane ni bakteria gani wanaoishi ukeni. Waliokosa laktobasili, jamii ya bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki, walikuwa na hatari ya kuambukizwa virusi hivyo karibu mara mbili ya wenzao waliokuwa nao. Marekani yenyewe ilikuja kuanzisha mradi wake mkubwa wa kuchunguza mikrobiomu, yaani jumla ya vijidudu vinavyoishi mwilini mwa binadamu, miaka minane baadaye, mwaka 2007.

Kwa hiyo mtu anapotuambia leo kwamba mikrobiomu ni sayansi mpya ya Wazungu, ajue kwamba sehemu yake nzito ilitoka kwenye miili ya kina mama wa mji huu. Haikuishia Ganjoni. Imepita Kwale kwa watoto wa miezi sita, ikapita Kilifi na Malindi, ikaingia hadi wodi za hospitali kuu ya Mombasa ambayo wenyeji wamezoea kuiita Makadara. Pwani imetoa damu, choo, muda na subira. Majibu yakachapishwa kwa Kiingereza, yakasomwa Seattle, Zurich na London. Mama wa mtaa wa Majengo anayeingia duka la dawa leo jioni hajaambiwa hata moja kati ya hayo, na hilo ndilo linaloniuma.

Tuelewane kwanza ni vijidudu gani hivi. Mwaka 2016 watafiti wa Taasisi ya Weizmann ya Israeli walikadiria kwamba mwanamume mwenye uzito wa kilo 70 ana seli zake mwenyewe trilioni 30 hivi, na bakteria trilioni 38 hivi. Ile hesabu ya zamani kwamba bakteria ni mara kumi ya seli zetu, ambayo bado inazunguka mitandaoni, haikuwa na msingi. Wengi wao wako kwenye utumbo mpana, na wote kwa pamoja uzito wao ni kama gramu 200. Hapo ndipo nyuzinyuzi za mbaazi na mchicha ambazo tumbo lenyewe haliwezi kuzisaga huchachushwa, zikatoa butireti, chakula kikuu cha seli zinazotanda ukuta wa utumbo mpana. Bakteria hao hututengenezea vitamini K, huifundisha kinga ya mwili kumtambua adui, na kwa kujaa kwao tu huwanyima wadudu waharibifu nafasi na chakula.

Ushahidi kwamba wanaweza kuponya, siyo kuandamana na afya tu, ulionekana vizuri Uholanzi mwaka 2013. Kuna bakteria aitwaye Clostridioides difficile ambaye hushamiri pale antibiotiki zinapowafagia wenzake, akaleta kuhara kunakoweza kuua. Wagonjwa 16 ambao ugonjwa ulikuwa ukiwarudia walitiwa tumboni kinyesi cha mtu mzima wa afya, kilichochujwa. 13 walipona kwa mara ya kwanza tu. Kati ya 13 wengine waliopewa antibiotiki ya vankomaisini peke yake, walipona wanne. Najua jambo hili linatia kinyaa kulisoma, lakini kwa ugonjwa huu hakuna njia nyepesi zaidi ya kuonyesha kwamba kilichokosekana kilikuwa ni bakteria wenyewe.

Sasa turudi kwa wanawake wa Mombasa, kwa sababu hapa ndipo penye uzito zaidi na ndipo penye kimya zaidi.

Laktobasili wa ukeni hula sukari inayotoka kwenye ukuta wa uke na kuigeuza asidi. Asidi hiyo huwadhoofisha wageni wengi, virusi na bakteria. Laktobasili wakipungua, bakteria wa aina nyingine hujaa, harufu hubadilika, na ukuta wa uke huingia mchochoto: kinga hutuma askari wake kwa wingi mahali pale. Bahati mbaya askari hao ndio seli ambazo virusi vya Ukimwi huzitafuta kuingia. Baadaye, mwaka 2017, uchambuzi wa jaribio la Afrika Kusini ulionyesha jambo la kutisha zaidi. Jeli yenye dawa ya tenofovir, iliyokusudiwa kumkinga mwanamke, ilipunguza maambukizi kwa asilimia 61 kwa wanawake wenye laktobasili wengi, na kwa asilimia 18 tu kwa wasio nao. Bakteria wengine waliojaa mahali pao walikuwa wakiimeza dawa kabla haijafika inakokwenda.

Mwaka 2006 yakatoka matokeo mengine ya Mombasa, ya kufuatilia wanawake kwa miaka kumi. Waliojisafisha ndani ya uke kwa maji walikuwa na hatari ya kuambukizwa zaidi ya mara mbili ya wale wasiojisafisha ndani. Waliotumia sabuni au vitu vingine, hatari ilikaribia mara nne. Utafiti wa kufuatilia watu hauthibitishi chanzo kama jaribio linavyothibitisha, na huenda mwanamke mwenye tatizo tayari ndiye anayejisafisha zaidi. Hata hivyo, watafiti walilizingatia hilo kadiri walivyoweza, na picha inalingana na ile ya 1999.

Usafi kwa mwanamke wa Pwani ni malezi na ni heshima. Binti hufundwa mapema. Bibi harusi hukaa na somo wake, mwanamke anayemfunda, akaelezwa mambo ya mwili, ya udi na ya mafukizo. Humo humo huchanganyika ndimu, shabu, sabuni ya kipande na siku hizi vichupa vya manukato vinavyouzwa kwa simu kwa ahadi ya kumfanya mke awe mpya. Simlaumu somo hata kidogo. Amefundisha alichofundishwa, kwa mapenzi. Ninaowalaumu ni sisi tulio na uwezo wa kusoma majarida hayo, tukayaacha huko huko. Somo mmoja anayeheshimika mtaani, akielezwa vizuri kwamba uke hujisafisha wenyewe kwa ndani na kwamba maji ya nje yanatosha, angeokoa wanawake wengi kuliko mabango kumi ya barabarani. Nani amewahi kumkalisha akamweleza? Kina mama wazee hawa hawaitwi kwenye warsha za hoteli za Nyali.

Na kuna dhuluma nyingine ndani ya jambo hili. Mwanamke akipata tatizo la bakteria ukeni huandikiwa antibiotiki ya metronidazole, hupona, na baada ya wiki chache hali hurudi. Huenda akaambiwa hajitunzi. Akazidisha sabuni, mambo yakazidi. Machi 2025 matokeo ya jaribio la Australia yalichapishwa: wanandoa na wapenzi waligawanywa, kundi moja mwanamke alitibiwa peke yake, kundi la pili mwanamume naye alitibiwa, kwa vidonge na kwa dawa ya kupaka. Katika wiki 12 tatizo liliwarudia asilimia 63 ya wanawake waliotibiwa peke yao, na asilimia 35 ya wale ambao waume zao walitibiwa pia. Bakteria hao walikuwa wakirudi kutoka kwa mwanamume. Daktari anayemtibu mke bila kumwita mume, baada ya matokeo haya, anapaswa kuwa na sababu nzuri.

Tutoke hapo twende dukani. Sheria ya Kenya inataka antibiotiki ziuzwe kwa karatasi ya daktari. Kila mkazi wa Mombasa anajua inavyokuwa. "Mwanangu yuwaharisha tangu jana, nipa dawa ya tumbo." Swali moja la umri, vidonge au chupa ya maji ya dawa, pesa, basi. Sina nia ya kumtukana muuzaji; mama amekosa nauli ya kwenda hospitali, foleni ni ndefu, na mtoto anadhoofika. Lakini kuhara kwingi kwa watoto kunaletwa na virusi, na antibiotiki haiui kirusi. Inachoua ni bakteria wa mtoto mwenyewe, wakati ule ambao utumbo wake unawahitaji zaidi. Jaribio lililofanywa katika nchi saba, Kenya na Tanzania zikiwemo, liliwapa nusu ya watoto 8,266 wenye kuhara kwa majimaji antibiotiki ya azithromycin kwa siku tatu. Watoto hawa walichaguliwa kwa kuwa walikuwa dhaifu: wameishiwa maji mwilini au wana utapiamlo. Baada ya siku 180, vifo havikutofautiana na vya watoto ambao hawakupewa dawa hiyo. Maji ya ORS, yaani ya chumvi na sukari, pamoja na zinki ndiyo matibabu ambayo Shirika la Afya Duniani na UNICEF wameyapendekeza tangu 2004. Choo chenye damu ni jambo jingine, hapo mtoto afikishwe kwa daktari bila kuchelewa.

Makadara na utapiamlo nako kuna funzo ambalo nadhani lingepaswa kujulikana na kila diwani wa Pwani. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hata akitoka hospitalini akiwa na nafuu, anaweza kufa miezi michache baadaye. Madaktari walifikiri huenda ni maambukizi, basi wakajaribu kumpa septrini kila siku kwa miezi sita. Watoto 1,778 walishirikishwa kutoka hospitali nne: Kilifi, Malindi, Mombasa na Nairobi. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Waliopewa dawa walikufa asilimia 14. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 15. Kwa maneno mengine, dawa haikuwaokoa. Malawi, wiki moja ya amoksilini kwa watoto wenye utapiamlo mkali waliokuwa wakitibiwa nyumbani ilipunguza vifo, kwa hivyo sisemi antibiotiki hazina kazi. Zimeokoa mamilioni na zitaendelea kuokoa. Ninachosema ni kwamba njaa ina upande ambao dawa ya kuua bakteria haiufikii.

Upande huo ulionekana Malawi kule kule. Watafiti walifuatilia jozi 317 za mapacha tangu kuzaliwa. Katika baadhi ya jozi, pacha mmoja alipata kwashiakoo na mwenzake akabaki salama, ingawa walikula sufuria moja. Bakteria wa pacha mgonjwa walipotiwa kwenye panya waliolelewa bila vijidudu, na panya hao wakalishwa chakula cha Kimalawi, walikonda sana. Bakteria wa tumbo la mtoto mwenye njaa hubaki wachanga, kana kwamba umri wao haukuendelea. Timu hiyo hiyo ya mtafiti Jeffrey Gordon, kutoka St. Louis, Marekani, ilikwenda Bangladesh na kuuliza: je, chakula gani kinaweza kuwakomaza? Wakatengeneza mchanganyiko wa unga wa dengu, unga wa soya, njugu na ndizi mbichi. Mwaka 2021 walitangaza kwamba watoto wa mtaa wa mabanda wa Mirpur, Dhaka, waliolishwa mchanganyiko huo waliongezeka uzito vizuri zaidi kuliko waliopewa chakula cha kawaida cha lishe, ijapokuwa mchanganyiko ulikuwa na kalori chache kuliko chakula hicho.

Mtu akiisoma orodha hiyo akiwa amesimama sokoni Kongowea, hana haja ya kusafiri. Dengu zimo, njugu zimo, ndizi mbichi zinashushwa kwa malori kila alfajiri. Dengu tunazijua kwa bhajia na kwa ule unga unaovikwa viazi karai, lakini mtoto wa mwaka mmoja anahitaji zilizopikwa zikapondwa laini, bila mafuta ya kukaanga. Sioni kwa nini kaunti zetu za Pwani, zikishirikiana na watafiti wa KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, wa Kilifi, zisiulize kama mchanganyiko wa namna hiyo unafaa watoto wa Kisauni na Ganze.

Na Kwale? Ng'ambo ya kivuko cha Likoni, watoto 115 wa miezi sita walipewa uji wa mahindi uliotiwa unga wa virutubisho kwa miezi minne. Waliopata unga wenye madini ya chuma walionekana na bakteria waharibifu wengi zaidi tumboni, na dalili za mchochoto zikapanda. Chuma ambacho mtoto hakukifyonza kilibaki kuwalisha wadudu wabaya. Hilo lilikuwa 2015. Miaka miwili baadaye wenzao walijaribu tena Kwale, safari hii wakapunguza chuma na kuongeza sukari ya aina ambayo mtoto hawezi kuisaga lakini bakteria wazuri wanaipenda. Madhara yakapungua, na upungufu wa damu nao ukashuka. Sukari hiyo inaiga kilichomo kwenye maziwa ya mama. Ndani ya maziwa ya mama kuna kiasi kikubwa cha sukari ambazo mtoto mwenyewe hazimfai kama chakula; zipo kwa ajili ya bifidobakteria, jamii ya bakteria wazuri wa tumboni mwake. Nyanya anayesisitiza mjukuu apewe maji na uji kabla ya miezi sita angeelezwa hili, naamini angelifikiria upya, maana hakuna nyanya wa Mombasa asiyetaka mjukuu anyonye ashibe.

Kuhusu sisi watu wazima, utafiti ulio karibu nasi kuliko wote ulifanywa Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2025. Vijana wa kiume 77 wenye afya walishiriki. Wa kijijini waliozoea maharagwe, mboga, nafaka zisizokobolewa na ndizi walihamishiwa chakula cha mjini: soseji, chipsi, mkate mweupe. Wa mjini wakahamishiwa chakula cha kijijini. Wiki mbili tu. Damu ya kundi la kwanza ilionyesha mchochoto kupanda na seli za kinga kulegea zilipokutanishwa na vimelea. Ya kundi la pili ikaenda upande wa pili, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Walikuwa wanaume peke yao na muda ulikuwa mfupi, kwa hiyo tusiubebeshe utafiti huo mzigo usio wake. Lakini mchochoto wa muda mrefu unahusishwa na kisukari na magonjwa ya moyo, na mtu yeyote anayepita Mwembe Tayari jioni anaona tunakula nini sasa. Mkate wa mofa wa mtama umebaki kwa wachache. Kunde, mbaazi za nazi, muhogo, mchunga, maziwa lala, achari ya ukwaju, hivi havijawa ghali kuliko chipsi na soda. Hata kiporo cha wali kina faida yake, kwa sababu wanga uliopoa hugeuka sehemu yake ikawa ngumu kusagwa na kufika kwa bakteria wa utumbo mpana. Lakini kwa joto letu kiporo kikae kwenye friji, kikilala mezani kinaweza kuleta sumu.

Nisiposema lifuatalo nitakuwa nimesaidia wafanyabiashara. Kuna vidonge vya probiotiki, yaani bakteria hai wa kumeza, vinauzwa bei ya kutisha kwa jina la sayansi hii, vikiahidi kutibu kila kitu kuanzia unene hadi huzuni. Sehemu kubwa ya ahadi hizo imetoka kwa panya, au kwa kulinganisha wagonjwa na wazima bila kujua kipi kilitangulia. Mwaka 2018 watafiti wa Weizmann waliwapa antibiotiki watu 21 wazima wa afya, kisha wakaangalia bakteria wao wanarudi vipi. Waliomeza probiotiki walichelewa kurudi katika hali yao kuliko walioachwa bila kitu. Isitoshe, zaidi ya asilimia 70 ya sampuli za mikrobiomu zilizohifadhiwa kwenye hazina za dunia ambazo asili yake inajulikana zimetoka Ulaya, Marekani na Canada. Kidonge kilichotengenezwa kwa kuangalia tumbo la mtu wa huko hakina dhamana kwamba kinalijua tumbo la mtu wa Changamwe. Fedha hizo ni heri zinunue kunde.

Ninachokidai kinawezekana bila mabilioni. Kila utafiti unaopewa kibali cha kuchukua sampuli za watu wa Pwani uwe na sharti la kurudisha matokeo kwa Kiswahili, kwa mkutano wa mtaani na kwa redio zetu, ndani ya muda uliowekwa, na bajeti yake iwemo tangu mwanzo. Idara ya afya ya kaunti iwakusanye kina somo na wakunga na kuwapa habari za usafi wa ndani ya uke kutoka Ganjoni yenyewe. Kliniki za kina mama zimwite na mume tatizo linaporudi. Na kwenye maduka ya dawa, pakiti za ORS na zinki ziwekwe mbele, mahali mteja anapoziona kabla hajataja jina la dawa, na muuzaji alazimike kuuliza maswali mawili kabla ya kugusa antibiotiki: choo kina damu? Mtoto ana homa kali? Jibu likiwa hapana, ampe mama ORS na zinki pamoja na maelezo ya kuchanganya, na amwambie arudi au aende hospitali mtoto akikataa kunywa, akilegea au macho yakizama.